Mashine ya nyasi inayozimika ovyo, na swichi inayonyamazishwa

Kiwanja ni cha hoteli moja ya pwani, kaskazini mwa Dar es Salaam. Ni saa mbili asubuhi na jua limeshakuwa kali. Kijana anayeendesha mashine ya kukata nyasi amepita mistari michache tu kati ya bwawa la kuogelea na ukuta. Gurudumu la mbele linapanda mzizi wa mwembe, mwili wake unanyanyuka kidogo kitini, injini inazima. Haikukohoa wala haikutoa moshi. Anazungusha ufunguo, inawaka. Mzizi unaofuata, inazima tena.

Kabla ya adhuhuri fundi ameitwa. Hafungui kabureta wala hachomoi plagi. Anainua kiti, anakata nyaya mbili zinazoingia kwenye swichi ndogo iliyo chini yake, anazisokota pamoja na kuzizungushia tepu nyeusi ya umeme. Injini inawaka na haizimi tena. Meneja anafurahi, fundi analipwa, kijana anarudi kazini. Shughuli nzima haijafika robo saa.

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya ile tepu nyeusi. Injini ya mashine ya nyasi inaweza kuzima ovyo kwa sababu nyingi, na karibu zote zinatafutika kwa utulivu na vifaa vichache. Lakini dawa inayopendwa kuliko zote, ile ambayo mafundi wenyewe huiita kuunga dairekti, ndiyo inayoweza kumkata mtu mguu.

Mashine ya mwenye nyumba, kazi ya kibarua

Mashine ya kukata nyasi ni ya zamani. Mwingereza Edwin Budding, wa Gloucestershire, alipata hataza yake mwaka 1830, akiwa ameiga mashine za viwandani zilizokuwa zikipunguza manyoya ya vitambaa vya sufu. Zile za kukalia na kuendesha kama trekta zilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, katika vitongoji vya Marekani ambako kila nyumba ina uwanja wake wa nyasi.

Hapa kwetu zimeangukia mikono mingine. Ziko kwenye mahoteli, viwanja vya gofu, shule za bweni na viwanja vya mpira, na anayezikalia si mwenye nyumba anayejifurahisha Jumamosi. Ni mfanyakazi wa bustani, mara nyingi kibarua, anayekata kutwa nzima, siku sita kwa wiki. Mashine za bei ya chini hazikubuniwa kwa mzigo huo. Baadhi hufika zikiwa zimeshatumika ng'ambo, bila kitabu cha maelekezo, na nyaya zake zimeshachezewa na mtu mwingine.

Kwa hiyo inapoanza kuzima, hakuna anayejua historia yake. Kila mtu anakisia. Anayekisia kwa pesa ananunua kabureta mpya, kisha koili mpya, kisha betri. Asiye na pesa anakata waya.

Injini inayotii amri

Moto wa plagi kwenye injini nyingi za aina hii hautoki kwenye betri. Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini, limepachikwa sumaku. Kila sumaku inapopita mbele ya koili, umeme unazaliwa, unapandishwa hadi maelfu ya volti, na cheche inaruka kwenye plagi. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye koili hiyo. Waya huo ukigusishwa bodi ya chuma, umeme unaishia huko, plagi inakosa moto na injini inazima.

Hivyo ndivyo ufunguo unavyoizima. Swichi ya kiti inatumia njia hiyohiyo, pamoja na swichi ya breki na ile ya visu, na kwenye mashine nyingi hata ya kurudi nyuma. Zote zimeungwa ili kujibu swali moja: je, dereva yuko salama mahali pake?

Sababu iko chini ya mashine. Ncha ya kisu kinachozunguka inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Kiwango cha usalama cha Marekani kwa mashine za kukalia, ANSI B71.1, kinataka visu visimame ndani ya sekunde 5 dereva anapoinuka kitini. Kwa mashine za kusukuma kwa mkono, kanuni ya serikali ya huko iliyoanza kutumika mwaka 1982 inataka sekunde 3. Kanuni hizi zilikuja baada ya watu wengi kupoteza vidole na nyayo: dereva ameteleza kwenye mteremko, mtu ameshuka kuondoa jiwe, mtoto amekimbilia nyuma ya mashine.

> Injini iliyozima kwenye mzizi wa mwembe haikuharibika. Imeambiwa kuwa dereva hayupo.

Kwa nini iambiwe hivyo wakati dereva yupo? Sponji ya kiti imelika na haikandamizi swichi vizuri. Springi ya kiti imekazwa kwa mtu mzito, na anayekalia ni kijana mwembamba. Panya wametafuna waya. Na pwani kuna chumvi: hewa ya bahari inakula vichwa vya nyaya mpaka vinashikana kwa kubahatisha, vikitikiswa vinaachia.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji swichi iondolewe. Kiti kinarekebishwa, springi inalegezwa, vichwa vya nyaya vinasuguliwa na kupakwa grisi. Swichi ikiwa imekufa, inabadilishwa. Ni kipuri kidogo, cha bei ndogo kuliko kabureta.

Inakufa vipi?

Fundi mzuri haanzi kwa spana, anaanza kwa kuuliza. Inazima ghafla, kana kwamba mtu amegeuza ufunguo, au inazima kwa kukohoa, ikipanda na kushuka mpaka inakata pumzi? Inazima ikiwa ya baridi au baada ya nusu saa? Visu vikiwa vimewashwa au la? Kwenye mabonde na mizizi, au popote?

Kuzima ghafla mara nyingi ni umeme. Kuzima kwa kukohoa mara nyingi ni petroli. Tofauti hii peke yake ingeokoa pesa nyingi, maana kabureta ngapi zimebadilishwa kwa kosa la waya!

Kuna njia ya kuthibitisha. Mashine isimame mahali tambarare, breki ya kuegesha imefungwa, visu vimezimwa na hakuna mtu karibu. Ule waya mwembamba wa kuzimia unachomolewa kwenye koili na injini inawashwa. Kama sasa inanguruma bila kuzima, koili ni nzima na ugonjwa uko kwenye swichi au nyaya zake. Kama bado inazima, swichi hazina kosa. Anayejaribu hivi ajue kuwa ufunguo huenda usiizime injini. Ikiwa hivyo, atalazimika kufunga choki au petroli. Na waya urudishwe kabla mtu yeyote hajakalia kiti kwenda kukata nyasi. Jaribio hili ni la kutafutia ugonjwa tu.

Ipo hila moja ambayo huwachanganya hata wazoefu. Chini ya bakuli la kabureta, kwenye mashine nyingi, kuna solenoidi inayofungua njia ya petroli, nayo hutegemea betri. Mfumo wa kuchaji ukifa, betri inashuka polepole huku kazi ikiendelea, na kama visu vinawashwa kwa klachi ya umeme inashuka haraka zaidi. Baada ya muda solenoidi inafunga na injini inakufa. Mashine ikipumzishwa kidogo, betri inapata nguvu, inawaka tena. Watu wanasema koili imepata joto, wananunua koili. Kipimo cha umeme kingewaambia ukweli kwa dakika moja: betri iliyojaa ina volti kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, na inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5 injini ikinguruma kwa kasi.

Koili nayo huugua kweli. Waya wake wa ndani ukiwa na ufa, joto likiupanua unaachana; ukipoa unashikana. Dalili yake ni kwamba mara tu injini inapozima ikiwa ya moto, plagi haina cheche, na robo saa baadaye cheche imerudi. Cheche ipimwe palepale, kwa kifaa chake, mbali na mvuke wa petroli. Ukingoja mpaka kesho, utaikuta nzima.

Petroli ya dumu

Sasa ile injini inayokohoa. Hapa kuna kisa kirefu, na sehemu yake ni ya kitaifa.

Tundu la jeti linalopitisha petroli ndani ya kabureta halifiki unene wa kijiti cha meno. Punje ya mchanga inatosha kuliziba. Petroli iliyokaa mwezi mmoja au zaidi kwenye dumu, kwa joto la Dar au Mombasa, hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa kahawia unaonata kama varnishi. Maji nayo hujikusanya humo kwa unyevu wa hewa, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hulala chini ya bakuli, mahali hasa jeti inaponyonya.

Kujua ni rahisi. Injini ikiwa ya baridi, fungua bakuli, mimina kilichomo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yataonekana chini, yamejitenga. Mashine iliyozima kwa sababu hii haihitaji kabureta mpya, inahitaji kusafishwa, chujio jipya la petroli, na tangi lililooshwa. Mpira wa petroli nao uangaliwe, kwa kuwa ukizeeka hulegea ndani na kujibana, ingawa nje unaonekana mzima.

Halafu kuna uchakachuaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na waliojua faida yake waliyachanganya. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike. Mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili tamaa ya kuchanganya ipungue. Kenya ilifuata njia hiyo Septemba 2018, ikatoza shilingi 18 zaidi kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Hatua hizo zilikuwa na maana, ingawa maskini anayewasha kibatari alilipia dhambi isiyo yake. Lakini vinasaba hupimwa kwenye kituo na kwenye lori. Mafuta yanayofika kwenye mashine ya nyasi yamepita mkono mwingine: yamenunuliwa kwenye dumu, yakalala stoo, pengine kwenye dumu lililowahi kubeba dizeli au mafuta ya taa, pengine yakaongezewa na mtu aliyetaka kujaza pengo la lita aliyoichukua. Injini yenye mafuta ya taa huwaka kwa taabu, hutoa moshi, huifanya plagi kuwa nyeusi na kupoteza nguvu kwenye nyasi nzito.

> Vinasaba hupimwa kwenye kituo. Dumu la stoo halipimwi na mtu.

Sababu ndogo kuliko zote ipo juu ya tangi. Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa. Kitundu kikizibwa na vumbi na majani makavu, petroli inapotoka hakuna kinachoingia badala yake, na baada ya dakika ishirini hivi mtiririko unakatika. Injini inakufa kwa kukohoa. Mara tu inapokufa, legeza kifuniko: ukisikia hewa ikivutwa, na injini ikawaka papo hapo, umeshamkamata mwizi. Kuna mashine zilizouzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kosa la kitundu hiki.

Joto, mzigo na mwinuko

Injini hizi hupozwa kwa hewa. Feni iko kwenye flaiwili, inasukuma upepo kupitia mapezi ya silinda. Vumbi la nyasi likijaa kwenye mapezi hayo, chini ya bati ambalo watu wachache hulifungua, injini inachemka, oili inakuwa nyepesi, koili inapikwa. Kufungua bati na kusafisha kwa brashi ni kazi ya asubuhi moja.

Madereva wengi hupunguza akselereta ili kuokoa petroli. Nia ni njema, matokeo ni mabaya: feni inazunguka polepole, upepo unapungua, na visu vikiwashwa injini haina nguvu ya kuvibeba, inazima. Visu viwashwe injini ikiwa katika kasi yake kamili. Na kama inazima kwenye majani mabichi ya masika tu, tatizo pengine si injini hata kidogo. Ni visu butu, ni tope la majani lililoganda chini ya bati la visu, au ni beringi iliyokwama. Injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, kila kisu kizungushwe kwa mkono uliovaa glavu nene. Kisichozunguka kwa wepesi ndicho mgonjwa.

Wasomaji wa nyanda za juu wana la ziada. Hewa ya huko ni nyepesi. Miongozo ya Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee iliyoanza mwaka 1908, inaeleza kuwa injini hupoteza asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 hivi za mwinuko. Kwa Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, hiyo ni karibu moja ya tano ya nguvu yote, na Limuru ni zaidi. Kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari hupeleka petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, na plagi inajaa masizi. Miongozo hiyohiyo inataka injini irekebishwe kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi. Anayenunua mashine Mombasa kwa ajili ya shule ya Limuru na aulize hilo kabla ya kulipa.

Nani anabeba mguu wa kijana?

Turudi kwenye nyaya zilizosokotwa, maana huko ndiko hatari iliko.

Fundi ana hoja. Mteja anamlipa ili injini iwake leo. Swichi ya aina hiyo haipo dukani, lazima iagizwe, na mteja hatangoja. Akikataa kuunga dairekti, ataitwa mwingine. Meneja ana hoja: wageni wanafika Ijumaa na nyasi ziko magotini. Na dereva ana hoja nzito kuliko wote, kwa sababu mashine isipofanya kazi yeye ndiye anayerudishwa nyumbani bila posho, na kuna pahala analaumiwa kuwa ndiye aliyeiharibu.

Wapo pia mafundi wanaosema swichi hizi hazifai viwanja vyetu. Zimebuniwa kwa nyasi zilizolala sawa, si kwa uwanja wa shule wenye mabonde na visiki. Hoja hii ina ukweli, na kwa hiyo kiti na springi vinapaswa kurekebishwa kulingana na dereva na uwanja. Lakini uwanja wenye mabonde ndio unaomrusha mtu kitini. Palepale swichi inapokera ndipo inapohitajika zaidi.

Sheria haina utata mkubwa. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa usalama na afya kazini, OSHA. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mashine ni salama kwa anayeitumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Tanzania mwaka 2015 na hufidia anayeumia kazini. Lakini kibarua wa siku asiye na karatasi yoyote atathibitishaje kuwa aliajiriwa, na kwamba swichi ilikatwa kwa idhini ya nani? Fundi ameshaondoka. Tepu nyeusi haina saini.

Msimamo wangu ni kwamba dhima ni ya mwenye mashine. Fundi anayeunga dairekti anatenda kosa, lakini anayeliagiza, au anayelijua na kunyamaza, ndiye mwenye uwezo wa kungoja siku mbili kwa ajili ya kipuri.

Wengine watasema tatizo litajiondokea, kwa kuwa petroli inaondoka. Ni kweli California ilipitisha sheria mwaka 2021 inayotaka injini ndogo mpya za bustani zinazouzwa huko zisitoe moshi kuanzia mwaka 2024, na Honda iliacha kutengeneza mashine za nyasi za petroli kwa soko la Marekani mwaka 2023. Lakini mashine za betri nazo zina visu, na zina swichi chini ya kiti. Tena zile za petroli zilizopo zitaendelea kutufikia kwa miaka mingi, zikiwa zimechoka zaidi.

Kuna ukaguzi ambao dereva anaweza kuufanya kila asubuhi bila spana, mahali tambarare pasipo na mtu. Injini ikinguruma, breki ya kuegesha imefungwa na visu vimezimwa, ainuke taratibu kitini: kwenye mashine nyingi injini inapaswa kuendelea. Akae, aachie breki ya kuegesha bila kuondoka mahali, ainuke kidogo huku miguu ikibaki juu ya mashine: izime. Akae tena, awashe visu, ainuke vilevile: izime, na visu visimame kabla hajahesabu hadi tano. Meneja aushuhudie angalau mara moja kwa wiki na kuandika jibu kwenye daftari pamoja na saa za kazi na tarehe ya oili. Injini ikiendelea kunguruma pale inapopaswa kuzima, ufunguo uwekwe ofisini, swichi iagizwe, na kijana alipwe siku yake hata kama nyasi hazikukatwa.